Gharama ya Kiyoyozi Pwani Kusini Huanzia Kwenye Paa

Mtu wa Ukunda au Msambweni, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, anayetaka kufunga kiyoyozi nyumbani huanza na swali moja: mashine ni pesa ngapi? Dukani hujibiwa upesi. Mashine ya BTU 12,000, inayotosha chumba cha kulala cha kawaida, huuzwa takriban kati ya shilingi 45,000 na 90,000, kulingana na jina lake na kama ni ya inveta au la, kisha fundi ana yake. Mnunuzi hutazama akiba, au zamu yake ya chama, au mkopo wa sacco, na kwake hesabu imeishia hapo. Bei yenyewe hujitokeza baadaye, kidogo kidogo: katika tokeni za stima, katika gesi inayojazwa kila mwaka, katika mabati ya mashine yaliyoliwa na chumvi. Ununuzi huu sasa umetoka mahotelini na kufika kwa mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa hoteli na mama mwenye vyumba viwili vya wageni. Wote hao wanastahili hesabu nzima kabla ya kutoa pesa.

Nianzie mbali kidogo. Norwe, nchi ambayo baridi yake hushuka chini ya sifuri kwa miezi, takriban nyumba sita katika kila kumi zina mashine inayovuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani. Mashine hiyo ndiyo hii yetu. Kompresa husukuma gesi, gesi hugeuka majimaji na kurudi kuwa gesi, na kwa kugeuka huko hubeba joto kutoka upande mmoja wa ukuta hadi upande wa pili. Oslo joto huingizwa, Diani hutolewa. Viyoyozi vingi vinavyouzwa Mombasa vina hata kitufe cha kupasha chumba joto, na hapa hakuna anayekigusa.

Wenzetu wa nchi za baridi wamehangaika na gharama ya mashine hizi kwa miaka mingi. Uingereza, tangu Oktoba 2023, serikali humpa mwenye nyumba wa England na Wales ruzuku ya pauni 7,500 akiachana na boila ya gesi na kufunga pampu ya joto. Hata kwa ruzuku hiyo wengi husita, na sababu kubwa ni nyumba yenyewe. Nyumba kuukuu yenye dari isiyozuia joto na madirisha yanayovuja huhitaji mashine kubwa zaidi, redieta kubwa zaidi, na stima nyingi kila siku ya maisha yake. Nyumba iliyozibwa vizuri hutosheka na mashine ndogo. Kwa hiyo mkaguzi anayeijua kazi yake hupanda kwanza darini, akapima, akaziba, ndipo akataja mashine. Somo hilo wamelilipia kwa pesa nyingi, na sisi tunaweza kulichukua bure. Huku kwetu mashine hufungwa kwanza, na paa haliangaliwi kabisa.

Tatizo la Pwani Kusini lina sura yake lenyewe. Nyumba zetu zilijengwa kwa ajili ya upepo. Tazama ufuo kuanzia Tiwi hadi Gazi: unaelekea mashariki. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba. Pepo zote mbili hutoka baharini. Mjenzi wa zamani alilijua hilo bila kufundishwa. Aliacha matundu juu ya milango na chini ya paa, akatoa baraza mbele, akaezeka makuti mazito yanayopumua. Aliyekuwa na uwezo alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ingia Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapomwaga maji baharini karibu na mibuyu, saa nane mchana wa Februari. Kuta nene zimeshika ubaridi wa usiku, na hakuna mashine inayonguruma.

Kiyoyozi hudai kinyume cha hayo yote. Chataka chumba kilichofungwa. Waliofanya kazi Maskati, Dubai au Jeddah wamezoea vyumba baridi na hurudi wakivitamani, na sioni kosa katika tamaa hiyo. Lakini nyumba ya huko ilijengwa ikijua kuwa mashine itakuwepo: madirisha yamezibwa na milango inafunga kikweli. Ukiichukua mashine ile ile na kuitundika katika nyumba iliyojengwa kungoja kusi na kaskazi, umeipa kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Nasema maji kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za mtu wa Pwani hupotelea bila yeye kujua. Joto la Nairobi ni kavu kiasi, la Diani limelowa. Usiku wa Machi, kila kilo ya hewa ya nje hubeba karibu gramu 20 za mvuke. Ndani ya chumba cha nyuzi 26 chenye hewa tulivu isiyonata, hewa hiyo inapaswa kubaki na gramu 12 hivi. Tofauti hiyo ya gramu 8 lazima mashine iitoe, iigeuze maji na kuyamwaga nje kupitia ule mrija mdogo unaodondosha ukutani. Kugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji ni kuondoa joto la karibu kilowati-saa 0.7.

Sasa chukua chumba cha mita nne kwa nne, chenye kimo cha mita 2.7. Kama kimezibwa vizuri kiasi kwamba hewa yake yote hubadilika mara moja kwa saa, mashine itatoa takriban lita 3 za maji katika usiku wa saa nane. Kazi hiyo haiichoshi. Kama chumba hicho kina madirisha ya vioo vya kupangwa, yale yasiyokutana sawasawa, na matundu mawili ya hewa juu karibu na dari, hewa inaweza kubadilika mara tano kwa saa. Maji yatapanda hadi lita 16, na joto la kuyatoa pekee litafika karibu kilowati 1.4 kwa mfululizo. Mashine ya BTU 12,000 ina uwezo wa kubeba kilowati 3.5 kwa jumla, na kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya uwezo huo inayoweza kwenda kwenye unyevu. Basi itanguruma usiku kucha bila kupumzika, chumba kitakuwa baridi lakini cha majimaji, shuka zitakuwa na unyevu, na ukungu mweusi utaota nyuma ya kabati. Mwenye nyumba atasema mashine ni ndogo na kununua ya BTU 18,000. Hiyo kubwa itapoza hewa haraka, izime kabla haijakausha chumba, na unyevu utabaki palepale. Nimeiona hadithi hii mara nyingi mno katika nyumba za kupanga za Ukunda, na kila mara mlaumiwa ni mashine.

Hali ni ngumu zaidi kwa vile vibanda vya wageni vilivyoezekwa makuti, fahari ya Diani na Galu. Makuti ni paa zuri mno kwa nyumba ya upepo, kwani huzuia jua na kuruhusu joto kutoka. Kwa chumba cha kiyoyozi, makuti ni tundu moja kubwa. Anayetaka vyote viwili hana budi kuweka dari iliyofungwa kabisa chini ya makuti, juu ya chumba cha kulala peke yake, na kuiacha sebule ipumue. Wapo wenye vibanda waliofanya hivyo na wakapata nafuu. Wasiofanya hulipia kuipoza hewa ya Diani nzima, kisha huwatoza wageni nyongeza ya kila usiku na kulalamika kuwa wageni hawazimi mashine.

Adui wa pili ni jua la juu kabisa. Kwale iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katika majira hayo kuta hupata jua kidogo na paa hupata lote. Mabati yaliyoshika kutu hufyonza sehemu kubwa ya jua hilo, na mchana yanaweza kupita nyuzi 60. Chumba kisicho na dari chini ya mabati kama hayo hupata joto moja kwa moja kutoka juu, na hata kama hewa ya ndani ina nyuzi 30, mwili husikia zaidi ya hapo. Dari ya kawaida yenye karatasi ya kung'aa juu yake, na nafasi ya kupitisha hewa kati yake na mabati, hukata sehemu kubwa ya joto hilo. Rangi nyeupe juu ya mabati husaidia pia, mradi irudiwe inapochafuka. Matundu ya kutoa hewa pale juu yawekwe wavu wa chuma, la sivyo popo watahamia, na mwenye kuwajua popo wa Pwani hahitaji maelezo zaidi.

Paa la zege lina ubaya wa aina nyingine. Majumba ya ghorofa yanayoota Ukunda, kando ya barabara ya kuelekea Lunga Lunga na ndani mitaani, huishia juu kwa zege tupu la kijivu. Zege hunywa jua mchana kutwa na kuliachilia ndani usiku. Mpangaji wa ghorofa ya juu hurudi kazini saa moja jioni, nje upepo umeshapoa, na dari yake ndiyo kwanza inaanza kutoa joto. Atawasha mashine saa tatu, na hadi saa sita usiku mashine itakuwa inapambana na jua la mchana. Chokaa nyeupe iliyopakwa juu ya zege hilo, ile ile chokaa iliyojenga misikiti na majumba ya mawe ya pwani hii kwa karne nyingi, ingepunguza mateso hayo kwa gharama isiyofika bei ya mashine moja.

Kwa nini basi haipakwi? Kwa sababu mwenye nyumba halipi stima. Analipa ujenzi, naye mpangaji hununua tokeni. Kila shilingi anayookoa mwenye nyumba kwa kuacha dari na chokaa hulipwa na mpangaji mwezi baada ya mwezi kwa miaka. Nchi za baridi zinalijua tatizo hili pia, na huko limefanyiwa sheria: England na Wales, tangu 2018, nyumba iliyo katika madaraja mawili ya chini kabisa ya matumizi ya nishati hairuhusiwi kupewa mpangaji mpya. Sitarajii sheria ya namna hiyo Kwale kesho. Nataka tu ieleweke kuwa jumba la kupanga lenye paa la moto ni deni ambalo mmoja amelikopa na mwingine analilipa.

Tuje kwenye stima. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani nchini Kenya wako katika madaraja matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi hapo hadi 100, na wanaopita 100. Bei za msingi zilizoanza mwezi huo zilikuwa shilingi 12.22, shilingi 16.30 na shilingi 20.97 kwa uniti. Juu ya hizo huja gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, asilimia 5 ya usambazaji wa umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16. Bei hubadilika, kwa hiyo hapa nitakadiria shilingi 25 kwa uniti kwa daraja la kati na shilingi 30 kwa daraja la juu, kila kitu kikiwa ndani.

Familia yenye friji, televisheni, taa na feni inaweza kutumia uniti 70 kwa mwezi na kulipa kama shilingi 1,750. Ikiongeza kiyoyozi cha inveta kinachotumia uniti 5 kwa usiku, mwezi unaongezeka uniti 150 na jumla inakuwa 220. Familia imevuka daraja, na sasa hata uniti za friji na taa zinalipiwa bei ya juu. Bili ni shilingi 6,600. Tena daraja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Ukizima kiyoyozi mvua za masika zinapoanza, utaendelea kwa muda kulipia taa zako bei ya mtu mwenye kiyoyozi. Wengi hupigia simu Kenya Power mwezi wa Mei wakidhani mita imeharibika. Mita ni nzima, inakumbuka Machi.

Hapa ndipo ninapoitetea feni, na ninaitetea kwa moyo wangu wote. Feni ya dari hutumia wati 60 hivi. Ikizunguka saa nane kila usiku, mwezi mzima ni uniti 15 tu, chini ya shilingi 400. Haipunguzi joto la chumba hata nyuzi moja, lakini upepo wake juu ya ngozi humfanya mtu ahisi nafuu ya nyuzi 2 au 3. Ndiyo maana haipaswi kuondolewa kiyoyozi kinapofika. Kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 26 pamoja na feni inayozunguka polepole humtosha mtu kulala, na humgharimu kidogo sana kuliko kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18 peke yake. India, nchi inayolijua joto la kunata, iliagiza kuanzia Januari 2020 kwamba viyoyozi vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24, na wataalamu wake wanakadiria kuwa kila nyuzi moja unayopandisha huokoa karibu asilimia 6 ya stima. Mwenye chandarua, na Msambweni chandarua ni lazima, aelewe kuwa kinakata upepo wa feni ya dari. Heri wavu mzuri madirishani pamoja na chandarua, na feni ya kusimama iliyoelekezwa kitandani.

Sasa chumvi. Sehemu ya nje ya kiyoyozi ni mapezi membamba ya alumini yaliyopitiwa na mabomba ya shaba. Alumini na shaba vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Upepo wa bahari unapovuma miezi yote, mashine iliyotundikwa kwenye ukuta unaotazama maji pale Galu inaweza kuwa imekwisha ndani ya miaka minne au mitano, ilhali mwenzake wa bara hufika kumi na zaidi. Piga hesabu: mashine ya shilingi 70,000 inayodumu miaka kumi hukugharimu 7,000 kwa mwaka, inayokufa mwaka wa nne hukugharimu 17,500. Hakuna nyota za lebo ya kuokoa stima zinazoweza kuifidia tofauti hiyo. Kwa hiyo itundikwe upande wa nyumba usiotazama bahari, chini ya kivuli, lakini mahali penye nafasi ya kupumua. Ioshwe kwa maji baridi ya mfereji, kwa nguvu ndogo, kila baada ya wiki chache wakati wa upepo mkali. Maji ya kisima cha karibu na ufuo mara nyingi yana chumvi yake yenyewe, yasitumike. Mnunuzi aulizie mapezi yaliyopakwa kinga, yale ya rangi ya samawati au dhahabu, na mabano ya kushikia yasiwe ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Wa Msambweni mjini au Ramisi, aliye ndani zaidi, ana unafuu. Wa mstari wa kwanza wa ufuo asijidanganye.

Gesi ndiyo eneo ninalolionea uchungu zaidi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama mabomba ni mazima itazunguka hadi mashine ife. Fundi anayekuja kila Desemba kujaza gesi anakuambia, bila kutamka, kwamba kuna tundu ambalo hajalitafuta. Mara nyingi tundu hilo ni kazi ya siku ya kwanza: bomba lililotanuliwa vibaya mdomoni, nati iliyokazwa kwa kukisia, au mfumo uliojazwa gesi bila kunyonywa hewa kwa pampu. Hewa ya Diani iliyobaki ndani ya mabomba ina unyevu, na unyevu huo huila kompresa polepole. Mwulize fundi wako kabla hajapanda ngazi: una pampu ya kunyonya hewa? Una kipimo? Akikosa, mshukuru na utafute mwingine, hata kama anadai nusu ya bei. Tunao vijana hodari waliopimwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wenye vyeti vya kazi hii, na wanapoteza wateja kwa watu wenye spana na chupa ya gesi tu.

Kuvuja huko kunatuumiza pia angani. Kilo moja ya R410A ikitoroka hushika joto sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ya kaboni. R32, inayopatikana katika mashine nyingi mpya, ni karibu theluthi ya hapo, ingawa yenyewe inaweza kushika moto ikichezewa. Hapa jirani, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hii. Gesi ya zamani, R22, inaondolewa duniani kote. Kwa hiyo yule anayekuuzia mtumba wa R22 kwa bei ya kutupa anakuuzia mashine ambayo gesi yake itazidi kuadimika na kupanda bei. Mpya zina lebo ya nyota kwa mujibu wa kanuni za 2016 zinazosimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Itazame. Nyota zaidi ni uniti chache zaidi.

Waya nao usisahauliwe. Kiyoyozi kinahitaji njia yake kutoka kwenye boksi la swichi, waya wa milimita za mraba 2.5, swichi yake ya kukata, na waya wa ardhini uliounganishwa kikweli. Kukichomeka kwenye soketi ya sebuleni ya nyumba iliyotandazwa nyaya miaka thelathini iliyopita ni kutafuta moto. Stima ya Pwani Kusini ikipotea na kurudi, mara nyingi hurudi kwa kishindo, kwa hiyo kifaa cha kulinda mashine kwa shilingi elfu chache ni lazima.

Kuhusu sola nitasema machache. Jua tunalo, lakini linakuja mchana na watu wanalala usiku. Uniti 5 za usiku zinahitaji betri ya lithiamu ambayo bei yake hushinda ya kiyoyozi chenyewe. Kwa ofisi, kliniki au duka linalopoza mchana, sola na kiyoyozi ni ndoa njema. Kwa chumba cha kulala, paa kwanza.

Tuweke hesabu za miaka mitano pamoja, kwa chumba kile kile cha mita nne kwa nne na miezi mitano ya joto kila mwaka. Wa kwanza ananunua mashine isiyo ya inveta kwa shilingi 45,000 na kuifungisha kwa 10,000, hakuna dari, matundu yako wazi. Mashine haizimi: uniti 8.8 kwa usiku, karibu 1,300 kwa mwaka, shilingi 39,000. Gesi ya kila mwaka, tuseme 5,000. Kwa miaka mitano ametoa shilingi 275,000, na mashine inakaribia jaa. Wa pili anatumia 24,000 kwa dari, 10,000 kuziba matundu, madirisha na mlango wa chumba hicho kimoja, 70,000 kwa mashine ya inveta na 15,000 kwa fundi mwenye pampu. Ameanza kwa 119,000, zaidi ya maradufu ya mwenzake. Lakini anatumia uniti 4 kwa usiku, shilingi 18,000 kwa mwaka, na 4,000 za kusafisha. Miaka mitano: 229,000, na mashine bado inafanya kazi. Mwaka wa tatu tayari amemfikia mwenzake. Wa tatu anaweka dari ile ile na feni nzuri ya 5,000, anaacha madirisha wazi kwa kusi na kaskazi, na kwa miaka mitano, stima ya feni ikiwemo, hafiki 55,000.

Siwezi kumwambia mtu yupi kati ya hao awe. Mzee mwenye moyo dhaifu, mtoto mchanga, muuguzi anayelala mchana baada ya zamu ya usiku pale Hospitali ya Msambweni: hao wana haki ya chumba baridi, na feni pekee huenda isiwatoshe Machi inapofikia kilele. Ninachosema ni kwamba wa pili na wa tatu wameanza mahali pamoja, darini, na wa kwanza, aliyedhani ameokoa pesa, ndiye aliyelipa kuliko wote. Chumba kimoja kifungwe kwa ajili ya mashine. Sehemu nyingine ya nyumba ibaki ya upepo.

Ombi langu ni kwa Serikali ya Kaunti ya Kwale, ambayo kila ramani ya jengo jipya hupita mezani pake kabla ya msingi kuchimbwa. Isiidhinishe jumba la kupanga Ukunda, Diani au Msambweni ambalo ramani yake haionyeshi dari au kinga ya jua juu ya ghorofa ya mwisho, na madirisha yanayopokea upepo wa bahari. Sharti hilo halihitaji bajeti, linahitaji mstari mmoja katika fomu na afisa wa kuusoma. Na wewe unayepanga kununua mashine mwezi ujao, panda kwanza ukaangalie kilicho juu ya kitanda chako. Kama ni mabati matupu au zege la kijivu, pesa zako za kwanza ziende huko.